Risasi Isiyo na Risasi: Habari Iko Kwenye Kerezo, Haiko Kwenye Jeraha

Juzi baada ya sala ya Alasiri, kwenye baraza moja karibu na Mkunguni hapa Lamu, simu moja ilipita mikononi mwa watu wanane. Ilikuwa video fupi: bonge la jeli angavu juu ya meza, bastola, mlio, kisha jeli ikatetemeka na kupasuka kwa ndani kama tikiti lililoanguka mkokotenini. Risasi iliyotolewa humo ilikuwa ngeni machoni petu. Haikuchanua wala kubonyea. Ilitoka kama ilivyoingia, kijiti kifupi cha shaba nyekundu chenye mifereji iliyochongwa ubavuni. Ubishi ukaanza papo hapo. Kijana mmoja akasema hiyo ni risasi ya huruma, maana haitanuki, na zinazotanuka ndizo zilizopigwa marufuku duniani. Mwenzake akamjibu kwamba huruma hapo haipo, hilo ni panga ndani ya mtutu. Mzee anayekereza miguu ya vitanda, ambaye muda wote alikuwa na kikombe chake cha kahawa, akaiomba simu, akaisogeza hadi kwenye miwani na kuuliza: "Hiyo shaba, wanangu, imekerezwa au imemiminwa?"

Kati ya yote yaliyosemwa jioni ile, swali la mzee ndilo pekee lililogusa penyewe. Risasi hizi za bastola za kujilinda zisizotanuka zimeeleweka vibaya na wanaozisifu na wanaoziogopa pia. Upya wake uko karakana. Faida yake ya kweli ni kwamba hutenda vilevile kila mara, hata ikitoka kwenye bastola ndogo isiyo na nguvu, na hiyo ni faida ya maana ingawa ni finyu. Dai la wanaoziuza kwamba mifereji yake huchana mwili kwa kuyasukuma majimaji ubavuni limetiwa chumvi. Na anayedhani kwamba kutotanuka kunaifanya iwe salama zaidi kwa mji wa vichochoro kama huu wetu, amelisoma jambo kinyumenyume.

Lugha yetu yenyewe inachangia kutuchanganya. Neno risasi lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa jina la madini: yale mazito ya kijivu ambayo mvuvi wa Shela huyafanya chubwi ili mshipi wake uzame. Tangu enzi za gobore kilichotoka mtutuni kilikuwa madini hayohayo, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kutafuta neno la pili. Leo ipo risasi isiyo na chembe ya risasi ndani yake, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu ukibadilisha madini umebadilisha pia uzito, kasi, mashine ya kuitengeneza na bei.

Risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9 hutengenezwa kwa kusindikwa. Waya mnene wa madini ya risasi hukatwa vipande, kipande hushindiliwa ndani ya kikombe chembamba cha shaba, na kinu cha chuma hukipa umbo. Ikiwa ni ya kutanuka, kichwani huachwa shimo, na kingo za shimo hilo hutiwa mikato myembamba ili zifunguke kama petali risasi inapoingia kwenye kitu chenye majimaji. Mashine ya kusindika ina kasi na bidhaa yake ni rahisi. Lakini risasi ya kutanuka inabebeshwa kazi ya pili baada ya kuruka: ifike, kisha ijibadilishe umbo. Ikifika polepole mno haifunguki. Ikipita kwanza kwenye kitambaa kizito, shimo huziba kwa nyuzi na risasi huendelea kana kwamba halikuwepo. Ikifunguka mapema mno, husimama kabla haijafika mbali. Kila hatua ya utengenezaji, kuanzia unene wa kikombe hadi kina cha mikato, ina nafasi yake ya kukosea.

Njia mpya inaanza na ufito wa shaba tupu. Ufito huingizwa kwenye mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, na kisu hukata risasi moja baada ya nyingine kutoka kwenye kipande kizima, kisha patasi zinazozunguka huchimba mifereji kuanzia nchani. Anayejua jinsi miguu ya vitanda vya hapa Lamu inavyokerezwa ameshalielewa jambo lenyewe: mti unazunguka, chuma kinangoja, na umbo linatoka kwa kuondoa kisichotakiwa. Tofauti ni kwamba mkono wa mzee wetu, pamoja na ustadi wake wote, hautoi miguu miwili inayolingana hadi upana wa unywele. Kompyuta inaweza, mara elfu kumi mfululizo. Kampuni ya Lehigh Defense, iliyoanzia Pennsylvania, Marekani, ndiyo iliyojulikana zaidi kwa risasi za namna hii, na wauzaji kama Underwood wakazijaza kwenye maganda yao. Ipo pia njia ya tatu. PolyCase ya Georgia ilichanganya unga wa shaba na plastiki, ikaumimina mchanganyiko huo kwenye kalibu kwa shinikizo, kama zinavyotengenezwa beseni na vifuniko vya chupa, na kampuni ya Ruger ikaweka jina lake kwenye bidhaa hiyo. Kwa hiyo jibu la swali la mzee ni kwamba zote mbili zipo. Ile ya kwenye simu ilikuwa ya kukereza.

Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa karibu gramu 9, ya risasi gramu 11.3. Kwa hiyo risasi ya shaba ya umbo lilelile hutoka nyepesi, na watengenezaji huifidia kwa kasi. Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina gramu 7.5 au 8 na hutoka mtutuni kwa takriban mita 350 kwa sekunde, ilhali moja ya hizi za mifereji ina gramu 5.8 tu na imeandikiwa takriban mita 450. Hapo ndipo lilipozaliwa dai lao kuu: kwamba kwa kasi hiyo mifereji huyasukuma majimaji ya mwili ubavuni kwa nguvu kiasi cha kuchana nyama mbali na njia ya risasi yenyewe, na jeraha likawa pana bila risasi kutanuka hata kidogo.

Ili kulipima dai hili inabidi turudi Miami, tarehe 11 Aprili 1986. Maafisa wa FBI walipambana na wanyang'anyi wawili wa benki. Maafisa wawili waliuawa, watano wakajeruhiwa. Mapema kabisa mmoja wa wanyang'anyi, Michael Platt, alipigwa risasi ya kutanuka ya milimita 9 iliyopenya mkono wake wa kulia na kuingia kifuani. Ilitanuka vizuri kama ilivyoahidiwa. Ikasimama karibu sentimita mbili na nusu kabla ya moyo, na Platt akaendelea kupigana na kuua. Umbo la risasi lilikuwa limefaulu, urefu wa safari ukafeli. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1989, FBI ilitoa ripoti iliyobadilisha fikra za kiwanda kizima: risasi ya bastola lazima kwanza ipenye angalau sentimita 30 kwenye jelatini, na isizidi sana 45, mambo mengine baadaye. Viwanda vilitii. Risasi za kutanuka zinazouzwa leo ni wajukuu wa ripoti ile, na kwa haki kabisa ni bora mara nyingi kuliko ile iliyomsaliti aliyeifyatua Miami.

Aliyeweka msingi wa kisayansi wa mjadala huu alikuwa daktari wa upasuaji, Martin Fackler, aliyewatibu majeruhi Vietnam kabla ya kuongoza maabara ya jeshi la Marekani huko San Francisco. Fackler alitenganisha vitu viwili ambavyo video huvichanganya. Kuna tundu la kudumu, yaani nyama iliyopondwa na risasi yenyewe ilipopita. Na kuna tundu la muda, yaani nyama iliyosukumwa kando kwa kishindo kisha ikarudi mahali pake. Nyama, ngozi na mapafu huvutika na kurudi. Kwa kasi ya risasi ya bunduki kubwa msukumo huo unaweza kupasua. Kwa kasi ya bastola, sehemu kubwa ya mwili huumia kama aliyepigwa ngumi, isipokuwa viungo visivyovutika kama ini. Jeli nayo haivutiki kama nyama. Ikisukumwa hupasuka, na nyufa zake hubaki zikionekana vizuri mbele ya kamera. Zaidi ya hayo, jeli angavu ya kwenye video nyingi ni ya kutengenezwa viwandani, na haina tabia sawa na jelatini ya maabara, ambayo huchanganywa kwa asilimia 10, hupozwa hadi nyuzi 4 na kupimwa kwanza kwa gololi ya chuma kabla ya kutumika. (Jelatini hiyo ya maabara aghalabu hutokana na ngozi ya nguruwe. Niliamua kutolisema hilo barazani.)

Ndiyo maana nasema dai la mifereji limetiwa chumvi. Sisemi ni uongo mtupu. Mita 450 kwa sekunde ni kasi kubwa kwa bastola, na inawezekana mifereji inaongeza kitu. Lakini ushahidi unaoonyeshwa ni nyufa za jeli, na nyufa za jeli ndizo hasa Fackler alizotuonya tusizipime kama jeraha. Anayetaka kuniuzia bidhaa kwa hoja hiyo anaanza na hoja yake iliyo dhaifu kuliko zote, wakati anayo nzuri zaidi mfukoni.

Hoja nzuri yenyewe ni hii. Risasi isiyotakiwa kufanya lolote baada ya kufika haiwezi kushindwa kulifanya. Haina shimo la kuziba kwa kanzu, shuka wala koti la mvua. Haihitaji kasi fulani ili ifunguke. Kwenye bastola fupi ya mfukoni, au yenye risasi ndogo za daraja la .380, ambako risasi ya kutanuka hulazimika kuchagua kati ya kutanuka na kupenya kwa sababu haina nguvu za kufanya yote mawili, risasi ya shaba nzima huchagua kupenya na inaiheshimu ahadi hiyo kila mara. Pia teke la bastola mkononi huwa dogo kwa sababu ya wepesi wake, jambo lenye maana kwa mtu mwenye mkono dhaifu. Wazo hili lenyewe ni la kale. Wenye bastola za kuzunguka za .38 tangu zamani walitumia risasi butu zenye uso bapa kama kifuniko cha soda, zilizokusudiwa kutoboa karatasi za shabaha kwa tundu safi, na wapo wakufunzi Marekani wanaozipendekeza hadi leo kwa bastola fupi kwa sababu hiyohiyo: hazijifanyi kutanuka. Kerezo la kompyuta limekuja kulipa wazo hilo umbo kali zaidi na usawa ambao kinu cha kusindika hakikuuweza. Ukiongeza kwamba hakuna moshi wa madini ya risasi kwenye uwanja wa shabaha, ingawa fataki nyingi, yaani viwashio vya kitako cha ganda, bado zina mchanganyiko wa madini hayo, na kwamba California imepiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019, unaona kwa nini viwanda vinaelekea huko bila kungoja ubishi wa majeraha uishe.

Sasa turudi kwa kijana wa huruma, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba dhana iliyoenea zaidi mitaani kwetu. Ni kweli kwamba mwaka 1899, mkutanoni The Hague, mataifa yalitangaza kutotumia vitani risasi zinazotanuka au kubonyea kirahisi ndani ya mwili wa binadamu. Chanzo kilikuwa kiwanda cha Waingereza cha Dum Dum, karibu na Kolkata, kilichotengeneza risasi za namna hiyo kwa vita vya mipakani mwa India. Mjumbe wa Uingereza, Sir John Ardagh, alizitetea kwa hoja kwamba askari wa taifa lililostaarabika akijeruhiwa huenda kutafuta matibabu, ila mshenzi hata akitobolewa huendelea kuja. Ni vizuri tukumbuke nani alikuwa mshenzi katika sentensi hiyo. Pwani hii ilikuwa tayari chini ya himaya ya Uingereza tangu 1895, na kabla ya hapo, mwaka 1890, majeshi yao ya majini yalikuwa yameiteketeza Witu, mwendo mfupi kutoka hapa nilipoketi. Marufuku ya The Hague ina heshima yake, nami si mtu wa kuibeza.

Lakini marufuku hiyo inahusu vita. Mkataba wa Roma wa 1998 ulioanzisha mahakama ya ICC ulifanya kuivunja kuwe uhalifu katika vita vya kimataifa, na mkutano wa mapitio uliofanyika hapa jirani, Kampala, mwaka 2010, ukaipanua hadi vita vya ndani. Hakuna kati ya hizo inayohusu askari polisi anayemkabili mwizi mwenye silaha sokoni, wala mfanyabiashara mwenye cheti cha bastola. Kwa kazi za polisi nchi nyingi, zikiwemo Marekani, Uingereza na Ujerumani, zimechagua kwa makusudi risasi zinazotanuka, na sababu yao kuu inamhusu mpita njia kuliko mhalifu: risasi iliyotanuka hupunguza mwendo na aghalabu hubaki ndani ya aliyelengwa. Isiyotanuka hutokea upande wa pili na kuendelea na safari.

New York walilijua hili kwa gharama. Polisi wa jiji hilo walikuwa wakitumia risasi zilizofunikwa shaba nzima, zisizotanuka. Takwimu walizotoa wenyewe mwaka 1998, walipotangaza kuziacha, zilionyesha kwamba katika miaka ya 1995 na 1996 raia 15 wasiohusika walipigwa na risasi za polisi. Wanane walipigwa moja kwa moja. Watano walipigwa na risasi zilizokuwa zimeshapita ndani ya mtu mwingine, na wawili na risasi zilizopita kwenye vitu. Watengenezaji wa risasi za mifereji watasema, na ni haki wasikilizwe, kwamba bidhaa yao si sawa na hizo: wepesi wake na uso wake wenye mifereji huifanya ipungue kasi upesi, na ndiyo maana wanayo moja ya kupenya sana na nyingine ya kujilinda iliyopunguzwa makali. Nakubali. Hata hivyo, ile ya kujilinda kwa kawaida huangukia sehemu ya juu ya kipimo cha FBI, na mwili wa binadamu mwembamba hauna sentimita 45 za kuisubirisha. Anayeiita risasi ya huruma amhurumie na aliye nyuma.

Hapo lazima nijipinge mwenyewe, kwa sababu hoja ya kutokea upande wa pili nayo huwa inatiwa chumvi. Uchunguzi wa shirika la RAND uliotoka 2008 kuhusu polisi haohao wa New York ulikuta kwamba kati ya 1998 na 2006, katika mapambano ambamo pande zote zilikuwa zikifyatua, wastani wa risasi za polisi zilizompata mlengwa ulikuwa asilimia 18. Maana yake ni kwamba kati ya kila risasi tano, nne hivi hazikumgusa mtu aliyelengwa, na hao ni watu waliofunzwa na kulipwa kwa kazi hiyo. Risasi iliyokosa haijali kama ina shimo kichwani au mifereji ubavuni. Itakwenda hadi ikutane na kitu. Mjadala mzima wa umbo la risasi unahusu ile moja iliyopata.

Na itakutana na nini? Hapa ndipo hesabu za Marekani zinapoacha kutufaa. Kipimo cha FBI kinaweka vizuizi mbele ya jelatini: nguo nzito, bamba la chuma, ukuta wa jasi, mbao za plaiwudi, kioo cha gari. Ni vizuizi vya nyumba na barabara za kule, na swali linaloulizwa ni kama risasi itabaki na uwezo wake baada ya kuvipita. Hakuna anayeuliza habari za aliyelala upande wa pili. Ukisimama Mkomani, kati ya nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zenye kuta za karibu nusu mita, risasi yoyote ya bastola itakwama ukutani, au itadunda na kufuata kichochoro ambacho punda wawili hupishana kwa shida. Risasi ngumu ya shaba isiyobonyea ndiyo ninayoihofia zaidi kwa kudunda; zile za unga wa shaba ulioshindiliwa, ambazo husagika zikigonga kitu kigumu na ambazo ndiyo sababu hupendwa viwanja vya mafunzo, zina nafuu hapo. Nenda Langoni, au panda Kashmir na Gadeni, ambako ukuta ni udongo na fito, mabati au makuti, na mambo yanageuka. Hapo hakuna ukuta. Kuna pazia. Risasi iliyotengenezwa isipoteze umbo lake kwa lolote itapita vyumba viwili vya watu waliolala bila kujua kama imekutana na kitu.

Wengi wanaoulizia bastola kaunti hii, wakisema kweli, wana Mpeketoni akilini. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa kule na katika vijiji jirani kwa siku mbili, na hakuna aliyeishi hapa wakati ule anayeweza kumkejeli mtu kwa kutaka kujilinda. Lakini waliokuja walikuwa wengi na walikuwa na bunduki za kivita. Mbele ya hao, kuchagua kati ya risasi ya bastola ya mifereji na ya shimo ni kama kuchagua rangi ya kasia wakati kusi imeshachafuka. Bastola ni silaha ya hatua tano, ya mwizi mlangoni au mnyang'anyi kwenye gari, na ni kwa kipimo hicho tu risasi hizi zinastahili kujadiliwa.

Kwa kipimo hicho, kinachonisumbua zaidi ni bei. Kukereza ni kazi ya kipande kimoja kimoja, na nusu ya ufito inaweza kuishia sakafuni kama vinyweleo vya shaba vinavyorudishwa kuyeyushwa. Kinu cha kusindika hutema makumi kwa dakika. Kwa hiyo risasi za kukereza ni ghali, zinatoka ng'ambo, na cheti cha kumiliki silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hutaja kiasi cha risasi ambacho mtu anaruhusiwa kununua na kuwa nacho. Mwenye cheti atafanyaje? Atanunua boksi moja la zile za kwenye video, atazijaza kwenye bastola, atafunga kabatini, na hatafyatua hata moja kwa mazoezi kwa sababu kila mlio ni hela. Bastola haijui tabia ya risasi ile wala mkono wake haujui. Ni nyepesi na kasi yake ni tofauti, na hata pale inapogonga kwenye shabaha huweza kutofautiana na risasi za kawaida alizojifunzia. Amenunua uhakika wa kiwandani akautia kwenye mkono usio na uhakika. Akichukua fedha hizohizo akanunua risasi za kawaida za kutanuka, na akazitumia nyingi uwanjani mbele ya mwalimu, atakuwa amejisogeza mbali zaidi na ile asilimia 18 kuliko mfereji wowote utakavyomsogeza.

Kwa serikali hesabu ni nyingine. Tunacho kiwanda cha risasi Eldoret tangu 1997, na siku moja mtu atawaletea wakubwa wasilisho lenye picha za jeli ile na kuwaambia wakati wa kuachana na kusindika umefika. Wanaopaswa kuamua wamuulize mambo mawili tu ya kikarakana: mashine moja inatoa ngapi kwa saa, na ufito wa shaba utatoka wapi na kwa bei gani. Halafu wamuulize la tatu, lisilo la karakana, ambalo wauzaji hawalipendi: risasi hii ikikosa ndani ya mtaa wa mabati, inasimamia wapi? Kwa askari wa doria mijini, hadi jibu hilo lipimwe kwa kuta zetu, risasi nzuri ya kutanuka ingali chaguo la busara zaidi. Kwa mwenye bastola ndogo ya mfukoni isiyo na nguvu ya kufungua risasi ya shimo, ningesema ile ya shaba nzima ina haki ya kuzingatiwa, akijua anachonunua na akijua nani analala nyuma ya ukuta wake.

Jioni ile barazani ubishi uliisha kwa adhana ya Magharibi, kama kawaida. Mzee alirudisha simu kwa mwenyewe, akasema kazi ya mkono ule ni safi, shaba haikuachiwa hata kikwaruzo. Kisha akauliza kama yupo mwenye video nyingine, ambayo jeli imewekwa nyuma ya bati. Kijana alitafuta kwa dakika kadhaa huku wenzake wakivaa makubadhi. Hakuipata.